Vidirisha Viwili Sambamba: Programu Huria ya Kusimamia Mafaili katika Windows

Kila kinachohifadhiwa katika kompyuta, iwe barua ya kuomba kazi, picha za harusi, hesabu za chama cha kuweka na kukopa au mtihani wa darasa la saba, huhifadhiwa kikiwa faili, yaani fungu la data lenye jina lake, ukubwa wake na tarehe lilipobadilishwa kwa mara ya mwisho. Mafaili huwekwa ndani ya folda, na folda moja yaweza kubeba folda nyingine nyingi, ambazo nazo hubeba nyingine, mpaka diski nzima ikawa na matawi yasiyohesabika yanayotoka katika shina moja. Programu inayomwezesha mtumiaji kuyaona matawi hayo, kuyafungua, kunakili kilichomo, kukihamisha, kukipa jina jipya au kukifuta ndiyo programu ya kusimamia mafaili. Kompyuta yoyote yenye Windows huja ikiwa nayo tayari, kwa jina la File Explorer, na kwa sababu huja yenyewe, watumiaji wengi hawajapata kujiuliza kama ipo njia nyingine ya kufanya kazi hiyo.

Njia nyingine ipo, nayo ni ya miaka mingi. Ni ile ya vidirisha viwili vinavyokaa sambamba katika skrini moja, na mfano wake mzuri kwa mtumiaji wa leo ni Double Commander, programu inayopatikana bila malipo kwa yeyote mwenye kompyuta. Sababu ya kuipendekeza ni moja. Makosa mengi yanayowapotezea watu kazi zao hutokea pale faili linapotoka mahali pamoja kwenda pengine, na programu inayoonyesha kwa wakati mmoja faili linakotoka na linakokwenda humpa mtumiaji nafasi ya kuliona kosa kabla halijatendeka.

Asili ya vidirisha viwili

Kabla Windows haijaenea, kompyuta nyingi za mezani ziliendeshwa kwa MS-DOS, mfumo uliomtaka mtumiaji aandike kila amri herufi kwa herufi, huku akikumbuka kwa kichwa jina la diski, la folda na la faili. Kosa la herufi moja lilitosha kuifanya amri ikataliwe au, vibaya zaidi, itekelezwe mahali pasipokusudiwa. Mwaka 1986 kampuni ya Peter Norton Computing ya Marekani ilitoa Norton Commander, programu iliyoandikwa na John Socha, ambayo iliigawa skrini katika vidirisha viwili, kila kimoja kikionyesha orodha ya yaliyomo katika folda moja, na chini yake ikapanga safu ya vitufe vya kazi vinavyoanza na F1. Kitufe cha F5 kilinakili, F6 kilihamisha au kubadilisha jina, F7 kiliunda folda mpya na F8 kilifuta. Mtu aliyekuwa akiogopa kuandika amri aliweza sasa kuichagua kazi kwa kidole kimoja, huku macho yake yakiona pande zote mbili.

Microsoft yenyewe ilichukua njia nyingine. Windows 3.0 ya mwaka 1990 ilikuwa na programu yake ya kusimamia mafaili, na Windows 95 ikaleta Windows Explorer, ambayo tangu Windows 8 ya mwaka 2012 inaitwa File Explorer. Programu hiyo imejengwa juu ya wazo la dirisha moja linaloonyesha folda moja. Mwaka 2022 Windows 11 iliongezewa vichupo, yaani vibandiko vidogo juu ya dirisha vinavyowezesha folda kadhaa kufunguliwa katika dirisha hilohilo, lakini hata hapo kichupo kimoja tu ndicho huonekana, na vingine hukaa nyuma yake.

Utamaduni wa vidirisha viwili haukufa. Mwaka 1993 Christian Ghisler wa Uswisi alitoa programu ambayo leo inajulikana kama Total Commander, na mwaka 1996 Eugene Roshal wa Urusi, ambaye pia ndiye aliyebuni muundo wa RAR wa kubana mafaili, alitoa Far Manager. Double Commander ni ya ukoo huohuo, kwani inafuata kwa karibu mpangilio wa Total Commander, ila yenyewe huendelezwa kwa uwazi na hufanya kazi katika Windows, Linux na macOS. Vitufe vya F5, F6, F7 na F8 vingali vinafanya katika programu hizi kazi ileile vilivyopewa mwaka 1986, na kwa hiyo anayejifunza mojawapo huwa amezijua nusu ya nyingine.

Isiyolipiwa na iliyo huria

Programu zinazopatikana bila kulipiwa si za aina moja, na tofauti zake zina uzito kwa mtumiaji. Zipo zinazotolewa kwa majaribio, kama Total Commander, ambazo mtu huruhusiwa kuzitumia kwa muda kabla ya kutakiwa kununua leseni. Zipo zinazotolewa bure na mwenyewe, kama FreeCommander, ingawa maandishi ya ndani yaliyoitengeneza programu hubaki kuwa siri ya mtungaji wake. Na zipo programu huria, ambazo mtungaji ameweka wazi maandishi hayo, yanayoitwa msimbo wa chanzo, ili mwenye ujuzi aweze kuyasoma, kuyarekebisha na kuyasambaza. Double Commander iko katika kundi hili la tatu, chini ya leseni ya umma ya GNU, toleo la pili, iliyotolewa mwaka 1991 na taasisi ya Free Software Foundation ya Marekani. Hata Microsoft iliuweka wazi mwaka 2018 msimbo wa programu yake ya zamani ya kusimamia mafaili, ile ya enzi za Windows 3, na wapenzi wake wakaweza kuitumia tena katika Windows ya sasa.

Kwa mtumiaji wa kawaida asiyejua kuandika programu, faida ya uhuria huu ni ya vitendo. Programu ya kusimamia mafaili hugusa kila kitu kilichomo katika kompyuta, hivyo ni vyema iwe programu ambayo ndani yake panaweza kukaguliwa na watu wasiokuwa na masilahi nayo. Zaidi ya hayo, anayepata programu huria hana haja ya kutafuta nakala ya programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, nakala ambazo mara nyingi ndizo zinazobeba virusi.

Kuipata na kuiweka

Double Commander hupakuliwa kutoka katika ukurasa rasmi wa mradi wenyewe, nao ndio mahali pa kuendea, kwa kuwa tovuti nyingine zinazogawa programu huzifunga pamoja na matangazo na programu nyingine zisizoombwa. Hutolewa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile inayosakinishwa, yaani inayojipanga ndani ya Windows na kuweka alama yake katika orodha ya programu. Ya pili ni ile ya kubebeka, inayokuja ikiwa imebanwa katika faili moja la ZIP, ambayo huhitaji tu kufunguliwa ndani ya folda yoyote, hata iliyo katika flashi, kisha ikaendeshwa kutoka hapohapo bila kuacha mabadiliko katika mfumo. Namna hii humfaa mwanafunzi anayetumia kompyuta za maktaba au mtu anayefanya kazi katika mashine kadhaa, ingawa katika ofisi ni wajibu kumwomba kwanza ruhusa msimamizi wa mitambo.

Programu ikifunguliwa, skrini huonekana imegawanyika pande mbili. Kidirisha chenye kishale ndicho kinachofanya kazi, na kitufe cha Tab hukipeleka kishale upande wa pili. Juu ya kila kidirisha pana mstari unaotaja njia kamili ya folda, kuanzia herufi ya diski, kama vile C au D, hadi folda iliyo wazi. Chini kabisa pana vitufe vya kazi vilivyoandikwa majina ya kazi zake, na asiyependa kibodi anaweza kuvibofya kwa kipanya. Mazoea mazuri ya mwanzo ni kuamua kwamba kushoto kutakuwa daima upande wa kutoka na kulia upande wa kwenda, ili macho yazoee mwelekeo mmoja.

Kunakili, kuhamisha na kufuta

Katika File Explorer watu wengi huhamisha mafaili kwa kuyaburuta kwa kipanya, na hapa ndipo penye mtego. Faili likiburutwa kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, Windows hulihamisha. Likiburutwa kwenda katika diski nyingine, kwa mfano flashi, Windows hulinakili. Kitendo cha mkono ni kilekile, lakini katika hali ya kwanza faili linabaki moja na katika hali ya pili yanakuwa mawili. Tena, kidole kikiachia kipanya kabla ya wakati, faili huangukia katika folda iliyokuwa njiani, na mwenyewe huamini limefutika kumbe limejificha hatua mbili tu kutoka pale lilipokuwa.

Double Commander hutenganisha vitendo hivi. Kitufe cha F5 hunakili na F6 huhamisha, na kabla ya kuanza, programu huonyesha kisanduku kinachotaja kwa ukamilifu folda ambako mafaili yanapelekwa, kisha husubiri mtumiaji akubali. Huko yanakokwenda kukiwa tayari na faili lenye jina lilelile, programu husimama na kuonyesha ukubwa na tarehe za yote mawili, ili mtumiaji aamue kama jipya lichukue nafasi ya la zamani, lirukwe au lipewe jina tofauti. Mtu anayetaka kunakili mafaili kadhaa tu kati ya mia moja huyatia alama moja baada ya jingine kwa kitufe cha Insert, na kazi kubwa zinaweza kupangwa foleni ili moja ianze baada ya nyingine kwisha, jambo linaloisaidia sana diski ya zamani inayokwenda polepole.

Inafaa pia kuelewa kinachotokea ndani ya diski wakati wa kuhamisha. Diski ya kompyuta ya Windows kwa kawaida hupangwa kwa mfumo uitwao NTFS, ambao huweka orodha kuu ya mafaili yote pamoja na mahali data ya kila faili ilipo. Kama karani wa masijala anavyoweza kubadilisha namba ya jalada katika daftari bila kulisogeza jalada lenyewe kwenye rafu, kuhamisha faili ndani ya diski moja hubadilisha orodha tu, na ndiyo sababu hata filamu kubwa huhama kwa kufumba na kufumbua. Kuhamisha kwenda katika flashi ni jambo jingine kabisa, kwani data yote husomwa, huandikwa upya upande wa pili, kisha faili la asili hufutwa. Umeme ukikatika au flashi ikichomolewa katikati ya kazi, hasara hukaribia. Kwa hiyo njia ya salama ni kunakili kwanza, kuhakikisha kwamba nakala inafunguka, ndipo kulifuta la asili.

Uhakikisho huo unaweza kufanywa kwa usahihi zaidi. Double Commander ina uwezo wa kukokotoa alama ya uhakiki, yaani mfuatano mfupi wa tarakimu na herufi unaotokana na data yote ya faili, ambao hubadilika hata ikiwa ni herufi moja tu ndani ya faili iliyobadilika. Alama ya nakala ikilingana na ya asili, mtumiaji hujua kwamba hakuna kilichopotea njiani.

Kufuta nako kuna kanuni zake. Katika diski ya ndani, F8 hulipeleka faili katika pipa la taka la Windows, linakoweza kurudishwa, lakini F8 ikibonyezwa pamoja na Shift, faili hufutwa moja kwa moja. Mafaili yanayofutwa kutoka katika flashi kwa kawaida hayapiti katika pipa hilo, na wengi hulijua hili wakiwa wamechelewa. Folda za Windows na za programu zilizosakinishwa, hususan zilizo katika diski ya C, hazifai kuguswa na asiyejua kazi yake, kwani programu ya kusimamia mafaili hutii amri, haiulizi busara yake.

Majina yenye mpangilio

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kompyuta jina la faili ndilo daftari la kwanza. Simu huzipa picha majina ya mashine, na WhatsApp huzipa majina yanayoanza na IMG, yakifuatwa na tarehe na namba, hivyo folda ya picha mia tatu za hafla moja huwa haimwambii mtu chochote. Kuzibadilisha jina moja moja ni kazi ya siku nzima. Katika Double Commander picha hizo hutiwa alama zote, kisha Ctrl na M hufungua chombo cha kubadilisha majina kwa pamoja, ambamo mtumiaji huandika jina analotaka na kuweka alama [C] mahali pa namba, na programu huhesabu yenyewe. Jina la zamani na jina jipya huonekana sambamba katika orodha kabla ya lolote kubadilika, kwa kufuata kanuni ileile ya vidirisha viwili, ya kuona kwanza na kutenda baadaye.

Tarehe katika jina hufaa iandikwe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-03-15, kwa kuwa mpangilio wa kialfabeti hapo huwa ndio mpangilio wa wakati. Namna hii ya kuandika tarehe ndiyo iliyomo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8601. Alama tisa haziruhusiwi katika majina ya Windows, nazo ni mikwaju ya pande zote mbili, nukta pacha, nyota, alama ya kuuliza, alama ya kunukuu, alama mbili za mkubwa na mdogo, na mstari wima. Vilevile programu nyingi za Windows hushindwa kufungua faili ambalo njia yake kamili, pamoja na majina ya folda zote, inazidi herufi 260, na hili huwapata hasa wanaopenda kuweka folda ndani ya folda kwa hatua nyingi na kuzipa majina marefu.

Yaliyofichwa na yanayojificha

Sehemu ya mwisho ya jina la faili, inayofuata nukta, huitwa kiendelezi, nayo huieleza Windows aina ya faili, kama vile docx kwa hati au jpg kwa picha. File Explorer, isipobadilishwa mipangilio yake, huficha viendelezi inavyovijua, na waandishi wa virusi huutumia mwanya huo. Faili lenye jina Matokeo.pdf.exe huonekana kama Matokeo.pdf tu, na anayelifungua akitarajia hati huwa ameiendesha programu ya adui. Double Commander huonyesha kiendelezi cha kila faili, na macho yaliyozoea kukisoma huitambua exe mara moja.

Watumiaji wa flashi katika vituo vya kuchapa na kutoa nakala wanakijua pia kirusi kinachozificha folda zote na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Anayebofya njia hiyo ya mkato hukiendesha kirusi, na asiyeibofya huamini kwamba kazi yake imefutwa. Kwa kweli folda huwa bado zimo, ila zimepewa sifa za kufichwa na za mfumo. Katika Double Commander mtumiaji huchagua kuonyesha mafaili yaliyofichwa na ya mfumo, folda zikatokea, naye akazinakili kwenda mahali salama bila kugusa njia za mkato, kisha akaziondolea sifa hizo kwa kutumia amri ya kubadilisha sifa za mafaili. Kusafisha flashi na kompyuta yenyewe hubaki kuwa kazi ya programu ya kupambana na virusi, lakini kazi ya mwenyewe huwa imeshaokolewa.

Upo pia ujumbe unaowashangaza wengi, unaosema kwamba faili ni kubwa mno ilhali flashi ina nafasi tele. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja linalofikia gigabaiti 4. Suluhisho ni kuipanga upya flashi kwa mfumo wa exFAT, baada ya kunakili kwingine kila kilichomo, kwani kupanga upya hufuta vyote.

Nakala za akiba

Matumizi ya vidirisha viwili yenye thamani kuliko yote ni ya kutunza nakala za akiba. Peter Krogh, mpigapicha wa Marekani, aliieneza kanuni inayotaka kila kazi muhimu iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na mojawapo ikae mbali na nyingine, ili moto, wizi au kuharibika kwa diski kusimalize zote kwa pamoja. Ugumu wa kanuni hiyo ni kuifuata kila wiki, kwa sababu mtu husahau ni mafaili gani yamebadilika tangu mara ya mwisho.

Double Commander ina chombo cha kulinganisha folda. Folda ya kazi huwekwa kushoto na folda ya akiba, iliyo katika diski ya nje, huwekwa kulia. Programu huyapitia yote na kutoa orodha, ambamo mshale kati ya pande mbili huonyesha kila faili litakwenda upande gani, kwa kuangalia ukubwa na tarehe au, mtumiaji akitaka, hata yaliyomo ndani. Mafaili yanayolingana huachwa, na yaliyobadilika pekee ndiyo hunakiliwa, kwa hiyo kazi iliyochukua saa nzima mara ya kwanza huweza kumalizika kwa dakika chache mara zinazofuata. Orodha hiyo lazima isomwe kabla ya kukubaliwa, hasa ikichaguliwa namna inayofuta upande wa kulia kila kisichokuwepo kushoto, kwani faili lililofutwa kwa bahati mbaya katika folda ya kazi litafutwa pia katika akiba.

Hakuna programu itakayoizuia diski isichakae wala itakayompangia mtu folda zake kwa niaba yake, na File Explorer itaendelea kufaa kwa kazi ndogo za kila siku. Hata hivyo mafunzo ya kompyuta yanayoanza na kuchapa barua na kutengeneza majedwali, yakaacha suala la mahali kazi hizo zinapokaa, humfundisha mwanafunzi kuzalisha bila kumfundisha kutunza. Ingefaa somo la kwanza liwe faili na folda, na lifundishwe kwa programu inayoonyesha pande zote mbili za kila safari ya data. Mwanafunzi akipewa folda moja ya majaribio na flashi moja, akanakili, akahamisha, akabadilisha majina na kulinganisha pande mbili mpaka akazoea, atakuwa amepata ujuzi utakaomfaa katika kila kompyuta atakayoikalia, na hautamgharimu hata shilingi ya leseni.